Mbungo Usiupande Mpaka Kuku Aambiwe

Rashidi mwanangu,

Salamu sikuandikii. Shikamoo zako za leo nimezipokea zote, hata ile uliyoitoa huku mdomo umejaa ming'oko ya kuchemsha, na marahaba zake nilizirudisha palepale. Barua hii ni ya yale ambayo nikikwambia kwa mdomo nitayatia utani, wewe utacheka, mama yako atatuambia tukapige kelele mbali, na kesho utapanda basi la Tandahimba ukiwa umebeba kicheko tu. Kicheko hakikai begini.

Mambo ya nauli, ya koti, ya kutokula vitu vya barabarani, muulize mama yako. Alianza kuyasema juzi na bado hajamaliza, namsikia kutoka hapa nilipokaa, chini ya mbungo wetu. Ukiona herufi zangu zimelala au zinapandana, usinilaumu mimi, laumu mti huuhuu. Shule niliiacha darasa la nne kwa sababu ya utomvu wake. Utotoni kule Chidya tulikuwa tunachanja mibungo ya mabondeni, tunajipaka ule utomvu mweupe kwenye mikono na tumboni, ukikauka tunaubandua na kuuviringisha tunapata mpira wa kuchezea. Siku moja ulinibakia kidogo, nikaona kiti cha mwalimu kinahitaji mapambo. Mwalimu aliposimama, kiti nacho kilisimama. Baba yangu akaitwa, akasimuliwa, na badala ya kukasirika akacheka mbele ya mwalimu mpaka akashika ukuta. Masomo yangu yakaishia pale.

Sasa tuje kwako. Kesho unarudi kuishi uani kwa mama yake Zainabu, mke wako, kama watu wa huku juu wanavyotaka, mwanamume ndiye ahamie kwa mke. Nimesema unarudi, kwa sababu ulikwishakwenda, ukakimbia huko, ukaja hapa ukasema umekuja kutusalimia. Salamu gani hizo, mwanangu, zimekaa mpaka mikorosho imetoa maua na sasa inaanza kudondosha? Zainabu tumbo limekuwa kubwa. Ametuma neno, na mama yako kanisomea kwenye simu: uje kwa moyo wako wote, au ubaki huko kwa moyo wako wote, nusunusu hataki. Msichana huyo nampenda. Angekuwa mwanaume ningeogopa kucheza naye bao.

Mimi njia hiyo nilikutangulia. Nilipanda kutoka Chidya kuja hapa Makote kwa mama yako nikiwa na mashati mawili, mdomo mrefu, na mche wa mbungo kwenye kopo. Wakwe wengine huletewa vitenge. Mimi nilileta mti. Niliona nimefanya jambo la maana, maana uani kwa bibi yako, mama yake mama yako, Mungu amrehemu, hapakuwa na kitu cha kutambaa isipokuwa siafu.

Kuupanda nilijua. Mbegu yake haitaki kuwekwa. Unakula bungo, unanyonya ule ute mchachu, mbegu unaitia udongoni siku hiyohiyo. Ukiiacha ikauke dirishani ukisema utapanda wiki ijayo, umepanda kokoto. Hilo nililijua tangu sijaota ndevu. Nisilolijua ni mahali pa kuupanda. Au tuseme nililijua, nikawa mvivu. Mbungo unataka ujengewe kichanja, nguzo za mti mgumu ambao mchwa huukataa, na fito juu. Nikatazama hiyo kazi, nikatazama mkorosho mkubwa wa bibi yako uliokuwa karibu na jiko, umesimama tayari, haunidai nguzo wala fito. Nikachimba shimo shinani pake. Sikumuuliza mtu.

Wewe mbungo umeuona ukiwa mtu mzima. Hujui unavyodanganya ukiwa mdogo. Mwaka wa kwanza unakaa kama mgeni mwenye adabu, majani machache, hauombi hata maji. Unasema huu umekufa. Kumbe uko chini unatandaza mizizi. Ikija mvua ya pili unaanza kupapasa. Una vikono kama vidole vya mtoto anayetafuta ziwa la mama gizani, na ukishika kitu hauachii. Mvua nyingine tena, umefika kwenye matawi. Mara maua meupe, yananukia mpaka njiani, wapita njia wanauliza nani humu ndani anaoga uturi. Mimi nakaa kibarazani nimekunja miguu, najiona mkwe bora katika wilaya nzima ya Newala.

Bibi yako alikuwa hasemi nami. Usishangae. Wewe ulimkuta ameshazeeka na ananiita mwanangu, ananiomba ugoro mbele za watu. Zamani zile mkwe na mama mkwe hawakutazamana usoni, hawakula pamoja, na neno halikupita baina yao ila kupitia kwa mwingine. Kama mama yako hayupo nyumbani, bibi yako alisema na kuku. Alikuwa na kuku mmoja mweupe, mwenye kiburi, ndiye aliyekuwa mkalimani wetu. Nipo kibarazani, yeye anafagia, namsikia anasema, "Wee kuku, mbona mti wangu umevaa shuka la watu? Au huko utokako miti inaona baridi?" Kuku anaparura tu. Mimi natazama mbinguni kama ninayesubiri ndege.

Ndiyo ilivyokuwa, mwanangu. Mkorosho ulifunikwa gubigubi. Msimu wa kupuliza salfa ulipofika, jirani mwenye pampu alizunguka mti, akazunguka tena, akazima mashine. Akasema yeye salfa yake ni ya maua ya mkorosho, na hapo haoni ua la mkorosho hata moja, anaona mbungo, kwa hiyo tumwite siku atakapoanza kupuliza misitu. Korosho zilizopatikana chini ya mti ule mwaka huo, kuku mweupe angeweza kuzilalia zote.

Asubuhi moja nikakuta panga mlangoni kwangu, limelazwa vizuri, mpini umeelekea ndani. Mimi nilielewa. Nani asingeelewa? Lakini nilikuwa kijana, na mbungo ule ulikuwa kitu pekee changu katika ua ule mzima. Nikalichukua panga nikalinoa, nikalirudisha jikoni. Kesho yake nikalikuta tena mlangoni. Nikalinoa tena. Tuliendelea hivyo, yeye analeta, mimi nanoa, mpaka panga likawa jembamba kama wembe na majirani wakaanza kuleta ya kwao. Mama yako ndiye aliyechoka. Akaniambia, "Mama hajawahi kuwa na panga butu tangu azaliwe. Ama upande juu ya mkorosho leo ukautoe mbungo wako, ama mimi na wewe tutaanza kusemeshana kwa kuku."

Basi nikapanda. Na hapa ndipo nataka unisikilize, kwa sababu hapa sikukosea kwa uvivu, nilikosea kwa bidii. Mbungo ulioshika mti hauuvuti ukiwa mbichi. Unaukata chini, shinani, halafu unauacha. Unakwenda zako shambani. Unauacha ukauke hukohuko juu mpaka vikono vyenyewe vichoke kushika, ndipo unautoa kidogokidogo, kama unavyomvua mtoto shati akiwa amelala. Hilo hata mtoto wa Chidya anajua. Mimi nilikuwa na hasira na aibu, nataka kuonekana mwanaume, nikaingia juu ya mkorosho kipindi cha maua, nikaushika mbungo mbichi kwa mikono miwili nikauvuta. Utomvu ukanijaa usoni, jicho moja likafunga. Maua ya mkorosho yaliyojificha chini ya mbungo yakadondoka kama mvua. Nikavuta tena. Tawi kubwa kuliko yote, lile lililotia kivuli jikoni, likapasuka likaenda chini, na mimi nikabaki nikining'inia kwenye mbungo uleule niliokuja kuuondoa.

Bibi yako akatoka jikoni anakimbia. Mwiko mkononi. Hakumtafuta kuku. Akainua uso akanitazama machoni, mara ya kwanza tangu niingie ua ule, akaniambia mimi mwenyewe, "Shuka, mkwe. Taratibu. Acha mti, shuka."

Nikashuka. Yeye akageuka upesi, akajifunika uso kwa kanga, akarudi ndani.

Mimi nilichosikia ni kwamba nimefukuzwa. Nimevunja mti wa mama mkwe, nimemfanya avunje na heshima ya ukwe, kilichobaki ni nini? Jicho halijafunguka vizuri, nikachukua mashati yangu mawili nikateremka mlima kurudi Chidya. Kwa hiyo unaona, mambo ya kwenda kusalimia wazazi hukuyaanzisha wewe.

Nilifika kwetu nikaenda moja kwa moja chumbani kwangu. Nikamkuta mbuzi. Amelala kitandani pangu, anatafuna, ananitazama kama mpangaji anayemtazama mwenye nyumba aliyekuja siku mbaya. Nikamwuliza mama yangu kulikoni. Akasema chumba kilikuwa wazi, na mbuzi hanuni. Akanipa uji, akanitoa utomvu usoni kwa mafuta ya kupikia, akanisikiliza hadithi yote tangu kopo mpaka tawi. Nilipomaliza akaniuliza jambo moja tu. Mwanamke aliyekaa miaka yote bila kusema nawe, siku anasema nawe anakuambia ushuke taratibu. Hapo amekufukuza, au ameogopa utavunjika?

Rashidi, sikuwa nimefikiria. Nilikuwa nimesikia neno moja, shuka, nikaliacha lile la pili huko juu ya mti. Aibu ikanilaza na mbuzi wiki tatu, alinuka, akanipiga teke, ndipo nikarudi Makote.

Hakuna aliyenipokea kwa vigelegele. Bibi yako alikuwa anapepeta. Hakuinua macho. Akasema, "Kuku, mwambie mgeni wako shina limechipua. Safari hii alijengee nyumba yake." Nikaenda kutazama. Kweli, mbungo niliodhani nimeuua, walioukata chini nilipoondoka, umetoa machipukizi mekundu, manene, yana hamu kuliko ya kwanza. Mti huo ukikatwa ndiyo unafurahi. Nikaenda msituni kutafuta nguzo. Kichanja hiki ninachoandikia chini yake ndicho kile, ingawa fito zimebadilishwa mara nyingi. Nilikiweka mbali na mkorosho, na mbali na bati, kwa sababu maji yetu ya kunywa yanatoka juu ya bati hilo kwenda kisimani, na asiyejua kuteremka bonde kufuata maji ndiye anayeweza kuruhusu majani yaoze kwenye mfereji. Kila baada ya mavuno napita na panga nakata vile vichipukizi virefu vinavyotoka kwenda kutafuta bati. Vile vinavyotoka kwenda kwenye mkorosho nakata kwanza. Mkorosho ulipona. Kidonda cha tawi bado kipo, umekikalia sana utotoni ukila mabibo bila kujua umekalia ujinga wa baba yako.

Mabungo ya kwanza ya kichanjani nilimpelekea bibi yako kwenye ungo. Nikaweka chini, nikamwambia kuku ayafikishe. Bibi yako akacheka. Akala palepale, mbegu akawa anatema pembeni ya mkeka, na nusu ya miche iliyopo Makote leo imetoka kwenye mate yale.

Sasa mambo yako. Nimeyasikia kwa upande wako mara nyingi, tukicheza bao. Mama mkwe alikwenda matangani, wewe ukabaki, ukatazama mikorosho yake ikiwa imesongamana, ukachukua msumeno ukaipunguza matawi kama mlivyofundishwa kwenye semina. Akarudi, akatazama, akamwambia kuku wake (naona akina mama hawa walifundwa mahali pamoja) kwamba mikorosho ya hapa ina mwenyewe. Ukafunga begi.

Najua utasema matawi yale yalistahili kukatwa. Yalistahili. Ulikuwa sahihi, na hiyo ndiyo tabu. Mimi nilikosea, kwa hiyo kurudi kulikuwa rahisi, nilikuwa na kitu cha kuombea radhi. Mtu aliyekuwa sahihi uani kwa mwenzake anarudije? Anakaa kwa baba yake anangoja waje kumwambia kweli ulikuwa sahihi. Utangoja mpaka mwanao aote meno. Mama yule hakusema umekata vibaya, mwanangu. Amesema ina mwenyewe. Maana yake uliza. Na huenda amesikitika kwamba amekwenda kuzika mtu, amerudi hata miti yake haitambui.

Kuna jambo Zainabu alimwambia mama yako, nami nimelificha kidogo. Jembe lako ulilolitupa nje ulipoondoka, mama mkwe amelitundika ndani, darini, ili mpini usiliwe na mchwa. Kila wiki analitia mafuta. Mtu aliyekufukuza hakutunzii jembe.

Utaniuliza kwa nini nimelificha. Kwa sababu nikikwambia mapema utaondoka mapema. Mama yako alinisukuma nikwambie urudi tangu salfa ya kwanza, nami nikawa namjibu kesho, kesho. Ningecheza bao na nani? Yule jirani wa pampu anaiba kete. Nimekufurahia, mwanangu, nimefurahi kukusikia unakohoa asubuhi chumba cha pili, nimefurahi hata kugombania nawe mkia wa samaki. Lakini nyumba iliyokuzaa ni mkorosho mzuri mno, umesimama tayari, haukudai nguzo wala fito, na wewe nakuona umeanza kutoa vikono.

Basi asubuhi utakuta kopo mlangoni. Ndani yake mna mche wa mbungo, nimeuotesha mwenyewe, umekaa vizuri, una majani sita yenye afya na kiburi. Shika kopo wima kwenye basi, usimpe mtu akubebee. Ukifika, salimia kwanza, sema pole na msiba ambao hukukaa kuusema. Radhi ya matawi uiombe kwa kifupi, bila kueleza semina. Halafu mche uweke kibarazani mahali mama mkwe anapopita na ufagio.

Usiupande.

Najua mkono utakuwasha. Utaona pembe nzuri ya ua, ina jua, ina udongo. Usiupande. Mwagilia kwenye kopo, kaa, pepeta naye korosho, okota mabibo, jenga uzio kama umeombwa uzio. Mche utavumilia. Na siku moja, anafagia, atasimama, atamwambia kuku, huyu mwenye kopo anangoja nini, si auweke kule. Hapo ndipo unachimba, palepale alipopaonyesha, hata kama ni pabaya. Kisha unajenga kichanja. Na usipoambiwa mvua hii, ngoja nyingine. Tutakuletea kopo kubwa zaidi.

Siku atakayokutazama usoni akasema nawe bila kuku, nipigie simu. Usieleze mengi, sema tu kuku amestaafu. Nitajua umefika.

Chumba chako hapa nimeshakigawa. Kesho basi likishaondoka, mbuzi yule mweusi anahamia, kitanda ni chake. Ukirudi kwa kununa utamkuta, naye hanuni, mtalala pamoja kama nilivyolala na wa kwetu. Lakini ukirudi na Zainabu na mtoto begani, kuja kula mabungo, mbuzi atatoka usiku huohuo na shuka zitafuliwa.

Nimeshamwambia mbuzi asizoee.

Mimi niliyekuzaa na bado nakudai mchezo mmoja wa bao,

Baba yako,
Makote